Nyama ya Idd Niliyoitupa Chooni

Kosa langu la kwanza nikiwa mwanafunzi wa chuo kikuu lilikuwa kutupa bakuli la pilau na nyama ya mbuzi chooni, kisha kumwambia aliyenipikia kwamba chakula kilikuwa kitamu. Nimejaribu kuliandika kosa hili mara nyingi kwa namna ya kulipunguzia makali. Niliwahi kuliita uchanga wa imani. Niliwahi kuliita bidii iliyokosa maarifa. Leo naliandika kama lilivyokuwa, kwa sababu kila jina zuri nililolipa lilinitia kinyaa kuliko tendo lenyewe.

Nilikuwa mwaka wa kwanza katika tawi la chuo lililoko Isiolo, na nilipanga chumba Bulla Pesa, kwenye ploti ya vyumba sita vinavyotazamana, mfereji mmoja katikati na choo kimoja cha shimo mwishoni. Nilitoka upande wa milimani, ambako majirani wote walikuwa Wakristo wa jina, na nyumbani kwetu watu walisali siku za mazishi tu. Nilikuwa nimeokoka peke yangu bwenini nikiwa kidato cha tatu, na tangu siku hiyo nilijifundisha imani kama mtu anayejifundisha kutengeneza redio: anaifungua, anaiharibu, anaifungua tena. Sikuwa na mchungaji. Nilikuwa na Maandiko, simu yenye kioo kilichopasuka, mahubiri niliyoyapakua, na daftari.

Daftari hilo linanichefua hata kulitaja. Kila jioni nilijipa alama. Maombi, kumi. Macho, kumi. Ulimi, kumi. Nikipata ishirini na tano niliona aibu. Nikipata thelathini niliogopa kwamba nimejidanganya, basi nikatoa moja kwa ajili ya kiburi. Niliosha mikono kabla ya kushika Maandiko. Shati la Jumapili nililipiga pasi Ijumaa, halafu nikalipiga tena Jumamosi. Niliomba kwa sauti, na kuta za ploti yetu ni mabati na mbao nyembamba, kwa hiyo kila mtu alizijua dhambi zangu kwa majina. Hawakukasirika. Walinipa cheo tu.

"Pasta," aliniita binti ya bibi wa chumba cha kwanza, tukiwa kwenye foleni ya maji. Alikuwa mwanamke mkubwa aliyeachika, mwenye ulimi unaokata. "Leo umefuta dhambi ngapi? Utuachie maji kidogo, na sisi tuko na vyombo."

Watu walicheka. Nilitabasamu kama mtu aliyekomaa kiroho, kisha nikaenda ndani kuandika: hasira, toa mbili.

Bibi mwenyewe alikuwa Mborana, mjane, muuzaji wa maziwa ya ngamia. Ploti nzima ilimwita akko, yaani nyanya kwa lugha yake, nami nikamwita hivyo. Aliletwa Isiolo na ukame miaka mingi kabla sijazaliwa, lakini alipoitaja Korbesa, kijiji chao, ungedhani alitoka huko jana kuja kununua sukari. Asubuhi akiniona aliuliza, "Umeamka, mwanangu? Umekunywa kitu?" Kabla sijapata jibu, kikombe kilikuwa mkononi mwangu.

Chumba cha mwisho, jirani na choo, alikaa mama mmoja Mturkana aliyefulia watu nguo majumbani. Alikuwa na binti wa miaka kama mitatu. Kila siku alipokwenda kufua alimwacha mtoto kwa akko. Mtoto alikula pale, alilala pale mchana, na alikuwa ameanza kujua Kiborana kuliko lugha ya mamake. Huyu mama alikuwa Mkristo kama mimi, ila yeye alisali bila kelele, na kwa hiyo mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nimemweka katika orodha ya watu ninaowaombea waokoke.

Idd ya kuchinja ilipofika, akko na binti yake walichinjiwa mbuzi na kijana wao aliyetoka Merti. Ploti ilinukia kitunguu na bizari tangu asubuhi. Nilijua kitakachofuata, kwa sababu walikuwa wamenieleza: siku hiyo kila mlango hupata bakuli, awe Muislamu au asiwe. Na bakuli la jirani halirudi tupu. Unaweza kuweka nyanya mbili, au sukari ya vikombe viwili vya chai, hata maharagwe mkono mmoja. Hakuna anayekagua. Lakini halirudi tupu.

Wiki nzima kabla ya siku hiyo nilikuwa nimeandika. Kurasa tatu, pambizo zimenyooka kwa rula. Swali: je, Mkristo anaweza kula nyama ya Idd? Nilisoma ile barua ya mtume inayozungumzia nyama ya sanamu, nikaisoma tena, nikaigawa vipande. Nyama ya buchani, niliandika, mtume ametuambia tule bila kuulizauliza. Lakini mtu akikuambia kwamba hii imetolewa dhabihu, usile. Na mimi nimeambiwa. Sikumuuliza mtu yeyote mwenye umri kunishinda kama hoja hiyo ilisimama. Sikuuliza hata kama akko anaabudu sanamu, mwanamke ambaye nilimsikia kila alfajiri, ukuta kwa ukuta, akimsihi Mungu mmoja. Nilifurahia jinsi kurasa zilivyokuwa safi.

Bakuli lililetwa na akko mwenyewe, mchana, kwa mikono miwili, limefunikwa kwa sahani. "Kula kabla haijapoa," alisema. "Nimekuwekea ini, wewe unasoma sana." Nilipokea. Nilisema asante. Hapo ndipo palipofaa kufungua mdomo, na sikufungua.

Nilingoja adhana ya alasiri, wakati ambapo wanaume walikuwa msikitini na wanawake wameenda kusalimia watu. Nilibeba bakuli mpaka chooni likiwa ndani ya ndoo, nikaliinamisha. Nilidhani chakula kitashuka moja kwa moja kama maji. Hakikushuka. Pilau ya akko ilikuwa na mafuta mengi, ikaganda kwenye ukingo wa tundu. Wali ulitawanyika juu ya simiti, juu ya unyevu ambao sote tunajua ni wa nini. Vipande vya nyama vilianguka kimoja kimoja, na kila kimoja nilikisikia kikifika. Ini lilibaki pembeni. Nilitafuta fimbo, nikalisukuma. Lilijikunja, likarudi. Nzi walikuwa wameshafika. Harufu ya bizari na harufu ya shimo ziliingiana, nikatapika, na matapishi yangu yakaenda juu ya wali. Mtu akakohoa nje. Nilimwaga maji yaliyobaki kwenye kopo, hayakutosha, nikatoka nikiwa nimeinua ndoo kama mtu aliyekuwa akifanya usafi.

Naandika haya yote kwa sababu mwanzoni niliyasimulia bila choo. Nilisema "nilikataa". Hakuna niliyemkataa. Nilimwaga.

Kisha nikaosha bakuli. Nililisugua kwa sabuni ya mche mara tatu. Na kwa kuwa halirudi tupu, nikafikiri nimepata njia iliyo bora kuliko nyanya. Ushirika wetu wa wanafunzi Wakristo ulikuwa umetugawia vikaratasi vya kuwapa watu wa mji, vyenye habari ya wokovu. Nilikunja kimoja vizuri, pembe kwa pembe, nikakilaza ndani ya bakuli.

"Ilikuwa tamu sana, akko," nilimwambia. "Mungu akubariki."

Akatazama karatasi, akaichukua kwa vidole viwili, uso wake ukang'aa. Hakuwa amesoma shule. "Umeniandikia?" aliuliza. Nilisema, "Ni maneno mazuri." Jioni hiyo nilijipa thelathini, na sikutoa hata moja.

Kesho yake asubuhi zamu ya kuosha choo ilikuwa ya binti ya akko. Nilikuwa chumbani nikisoma nilipomsikia akipiga kelele, kwanza kwa Kiborana, halafu kwa Kiswahili ili wote tuelewe.

"Nani ametupa nyama ya mama yangu kwa choo? Nani? Atoke hapa!"

Milango ikafunguka. Mzee mmoja Mmeru, muuza miraa aliyekaa chumba cha tatu, alitoka na fulana ya ndani. "Mimi nilikula mpaka mfupa," alisema. "Uliza hata paka."

"Wewe najua huwezi. Hata sahani ulitaka kula." Hakuna aliyecheka. Binti ya akko alisimama katikati ya ua na ufagio wa choo unadondosha maji. "Watu wanalala njaa huko nyumbani, ng'ombe zimekufa, na mtu hapa anatupa ini. Ini! Na ametapika juu yake kama ni sumu."

Akatazama chumba cha mwisho. Mama wa mtoto alikuwa mlangoni, binti yake ameshikilia leso yake.

"Mkristo hapa ni nani tena?" binti ya akko aliuliza.

"Mimi nitupe nyama?" mama yule alisema. Hakupaza sauti, alishangaa tu. "Mimi? Unajua mara ya mwisho nimenunua nyama ni lini?"

"Pasta alikula, alisema ni tamu, akaandikia mama barua ya asante. Wewe ulirudisha bakuli hata neno hakuna."

"Nilirudisha na vitunguu."

"Vitunguu!"

Nilikuwa nyuma ya mlango wangu, umefunguka kiasi cha kiganja. Nilimwona akko ameketi kwenye kigoda chake, hasemi kitu, mikono juu ya magoti. Niliona mahali hasa ambapo sauti yangu ingeingia. Nilihesabu, kama kawaida yangu: nikisema sasa, nimeharibu ushuhuda wa Kikristo mbele ya ploti nzima. Nilitumia maneno hayo hayo kichwani, ushuhuda wa Kikristo. Nilifunga mlango polepole usilie.

Tangu siku hiyo mtoto hakuachwa tena kwa akko. "Ale kwao," binti ya akko alisema, "kwetu atapata sumu." Akko hakupinga, nadhani jambo lile lilimuumiza kuliko alivyotaka kuonyesha. Mama wa mtoto akaanza kutoka alfajiri na binti yake mgongoni, ndoo kichwani, na kurudi jioni mtoto akiwa amelala, shingo imelegea, na yeye mwenyewe ngozi ya mikono imekunjamana kwa maji ya sabuni ya nyumba za watu. Akipita mlangoni mwa akko mtoto aliamka akanyoosha mkono upande ule. Mamake aliendelea kutembea. Mimi nilisoma. Nilipata alama nzuri muhula ule.

Nilianza kuchukia chakula. Chapati zilinuka bizari hata kama hazikuwa nayo. Chooni niliingia nimeshika pumzi. Nilijiambia kwamba ni majaribu, na nikaomba kwa sauti zaidi, na sasa nikikumbuka sauti hiyo ikipita kwenye mabati mpaka chumba cha mwisho, natamani kuziba masikio ya kila mtu aliyeisikia.

Jambo baya zaidi lilikuwa bado. Katika ushirika tulikuwa na saa ya ushuhuda. Nilikuwa katibu, na katibu asiye na ushuhuda ni kama mpishi asiyeonja. Wiki chache baada ya Idd nilisimama nikasimulia jinsi nilivyowekewa meza isiyo ya Bwana na jinsi nilivyokataa kwa gharama ya urafiki. Nilikuwa nimeiandika na kuifuta mara nne. Nilijua mahali pa kunyamaza. Walipiga makofi, wengine wakasimama. Mwenyekiti wetu, wa mwaka wa nne, mtu mwenye sauti nene na viatu vinavyong'aa, alinikumbatia. "Ndugu," alisema, "hii lazima mji uisikie. Utairudia siku ya wageni."

Siku ya wageni ilikuwa Jumapili ya kuwakaribisha watu wa mtaani katika ukumbi wa chuo. Kila mmoja wetu alipewa vikaratasi vya mwaliko kumi. Nilipenyeza kimoja chini ya mlango wa chumba cha mwisho, nikaweka alama ya vema kwenye orodha, nikasahau.

Niliisimulia vizuri kuliko mara ya kwanza. Niliongeza machozi. Nilipofika pale pa kusema, "Wenye nyumba walinichukia, lakini nilisimama," niliinua macho mpaka viti vya nyuma, na yule mama alikuwa ameketi pale, leso safi, mtoto mapajani. Alikuwa akinitazama jinsi unavyotazama kitu ulichokanyaga gizani baada ya taa kuwashwa.

Nilimaliza. Hilo pia naliungama: sikukatiza, nilimaliza mpaka mwisho, na waliitikia amina.

Alinisubiri nje karibu na tangi la maji. Nilitaka kupita upande mwingine lakini mwenyekiti alikuwa upande huo akisalimia wageni.

"Habari, pasta," alisema.

"Nzuri, mama. Karibu sana. Nimefurahi umekuja."

"Kumbe ni wewe."

Mtoto alikuwa akichezea kifungo cha shati langu, lile lililopigwa pasi mara mbili.

"Nilifikiri labda ni wale watoto wa Mmeru walikuja kutembea," alisema. "Nilifikiri hata paka. Wewe sikufikiri. Unaomba vizuri sana." Akamtoa mtoto mkono kwenye shati langu. "Hebu niambie, hapa chuoni hamli nyama?"

"Tunakula."

"Inachinjwa na nani? Katibu wa ushirika?"

Machinjioni mwa Isiolo anayeshika kisu ni Muislamu, ili kila mtu apate kula. Hata mtoto anajua. Nilikuwa nimekula mchuzi wa chuo mara tatu kwa wiki tangu nifike, na kurasa zangu tatu zenye pambizo zilizonyooka zilikuwa zimeweka neno "buchani" mahali pa kisu hicho ili nisikione.

"Naweza kuwaambia leo," alisema, "nimesikia na masikio yangu. Lakini sitaki. Mimi nikisema, itakuwa Mturkana anasingizia pasta. Useme wewe. Mimi nangoja."

"Nipe muda niombe."

"Omba," alisema. "Lakini mtoto ananizidi uzito."

Nilienda kwa mwenyekiti. Nilitaka, kusema kweli, anikataze. Nilimweleza yote chumbani kwake, hata choo. Alisikiliza akifuta kiatu. Alipomaliza kiatu cha pili alisema, "Ndugu, watu walijengwa Jumapili. Wageni saba wametoa majina yao. Unataka kubomoa kwa sababu ya choo?" Kisha akasema kwamba ukweli una wakati wake, na kwamba huyo mama tunaweza kumpelekea unga na sabuni kutoka ushirika, kimyakimya. Alinipigisha magoti, akaniombea amani. Mkono wake ulikuwa kichwani mwangu na ulinuka kiwi ya viatu, na nilijua ninachokisikia: ni kinyaa kile kile cha siku ile juu ya shimo. Alisema kila kitu nilichokuwa nimejiambia mwenyewe. Kusikia maneno yangu yakitoka katika mdomo wa mtu mwingine ndiko kulikonifanya niyaone yalivyo.

Hata hivyo nilikaa siku nne zaidi. Sina sababu ya kuzieleza. Niliogopa.

Siku ya tano, saa ya chai ya alasiri, akko na binti yake walikuwa wamekaa uani, na mama wa mtoto alikuwa amerudi mapema, anaanika nguo zake. Nilivuka ua. "Salaam aleikum, akko," nilisema, kwa mara ya kwanza, na hata hilo lilikuwa la kujipendekeza.

"Habari yako, mwanangu," alijibu kwa salamu yetu. "Keti. Umekunywa kitu?"

"Ile nyama ya Idd niliitupa mimi."

Binti yake aliweka kikombe chini. Nilisema yaliyobaki haraka, kwa mpangilio, maana nilikuwa nimeyaandika. Nilipofika kwenye fimbo na ini niliacha kukumbuka nilichoandika, nikasema ovyo. Mama wa mtoto hakugeuka. Aliendelea kubana nguo kwenye kamba.

"Ulisema ilikuwa tamu," akko alisema.

"Nilidanganya."

"Si ungesema tu huli? Kuna mwalimu alikaa hicho chumba chako, mtu wa kanisa gani sijui, alisema mlangoni, 'Akko, mimi sili nyama hii.' Nikampa chai na chapati. Tulikaa miaka sita, hatukugombana." Aliniangalia kwa makini, kama anayetafuta mahali ugonjwa ulipo. "Kutokula sio kitu. Lakini kusifu? Unanisifu pilau iko kwa choo?"

"Na barua yako?" binti yake aliuliza. Alikuwa ameshainuka. Aliingia ndani, akatoka na kile kikaratasi, bado kimekunjwa pembe kwa pembe. Kilikuwa kimekaa chini ya kopo la sukari, na kilikuwa na duara la kutu. "Mama alikataa nisiifungue. Ati ni yake. Ati utamsomea siku moja. Soma sasa."

"Sio barua."

"Soma, pasta! Wewe si msomaji?"

Nilifungua. Mstari wa juu ulikuwa wa herufi kubwa nyekundu, nikausoma kwa sauti: kama ukifa leo, je, unajua utakwenda wapi?

Akko alifikiri. "Nikifa leo?" alisema. "Leo nitazikwa hapa hapa. Gari ya Korbesa imeshatoka."

Binti yake alicheka mpaka akashika ukuta, kicheko cha hasira, na hata mama wa mtoto, akiwa na kibanio mdomoni, mabega yalimtikisika. Mimi sikucheka. Niliendelea kushika karatasi ile yenye moto uliochorwa chini, na nilijiona jinsi nilivyokuwa: mtu aliyepewa ini akarudisha jehanamu, imekunjwa vizuri.

Akko alinyoosha mkono, akaichukua, akaiweka juu ya makaa chini ya birika. Kisha akageuka kwa kamba ya nguo. "Mama," alimwambia yule mama, "mimi ni mzee na sikuuliza. Nilikaa tu nikinyamaza. Nisamehe."

"Yameisha, akko."

"Hayajaisha. Lete mtoto."

Mtoto hakuhitaji kuletwa. Alikuwa ameshafika, ameingiza mkono kwenye sahani ya mahamri kama mtu aliyetoka safarini akakuta vitu vyake mahali pake. Alichosema binti ya akko, akitazama pembeni, kilikuwa, "Vitunguu vyenyewe vilikuwa vizuri." Ndivyo alivyoomba radhi.

Mimi sikuambiwa yameisha. Akko alisema, "Nenda, mwanangu. Leo nimechoka na wewe." Nikaenda.

Saa ya ushuhuda iliyofuata nilisimama na kusema nilichofanya kwa sentensi nne. Hakuna aliyeitikia amina. Mwenyekiti alitangaza wimbo. Muhula uliofuata walichagua katibu mwingine, na nilipoona anasimama kusimulia huku anajua mahali pa kunyamaza, nilitoka nje nikanywa maji ya tangi.

Mama wa mtoto bado ananiita pasta, lakini hacheki akiniita hivyo. Nilimwomba radhi peke yake, siku nyingine, mferejini. Alisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," alisema. "Sogeza mtungi wako." Nimelifikiria neno hilo kwa marefu na mapana, nikitafuta msamaha ndani yake, mpaka nikajichukia kwa kutafuta. Alitaka nisogeze mtungi.

Idd iliyofuata bakuli lilipita mlangoni mwangu bila kusimama. Nililisikia, na harufu yake, likienda mpaka chumba cha mwisho. Mwaka uliofuata akko alisimama kizingitini na bakuli la wali mweupe, bila nyama. "Huu nimepika mimi tu," alisema. "Hakuna kilichochinjwa. Unakula?"

Nilimwambia nitakula, na kwamba hata nyama nitakula akitaka kunipa. Nilikuwa nimezisoma upya kurasa zangu tatu na kuzipeleka kwa mzee mmoja wa kanisa mjini, aliyezisoma kimya, akauliza, "Na huyo bibi ulimuuliza?" Akko alisema tuanze na wali. Nilirudisha bakuli na nyanya nne, nilizozichagua sokoni kwa muda mrefu kuliko inavyostahili nyanya.

Sasa niko mwaka wa mwisho. Bado naomba kila siku, ila kwa sauti ya chini. Daftari la alama sina. Kinyaa hakijaisha, choo kile bado nakiingia nimeshika pumzi, na nadhani ni haki yangu. Kilichobadilika ni hiki: mtu akiniletea chakula nisichotaka kula, namwambia pale pale mlangoni, nikimtazama usoni, kabla hajaliachilia bakuli.